Sindano Bila ya Uzi

Kofia ya vito haina siri: ni tundu juu ya tundu,
kila tundu limezungushiwa uzi, likakazwa, likakatwa.
Mimi sijawahi kuyahesabu.
Mkono wangu wa kulia ndio uliohesabu,
kimya kimya, miaka ishirini na saba,
barazani Kibokoni, mgongo kwenye ukuta wa chokaa,
na mwaka huu, Mlisho ulipoandama,
ukaniletea deni lote kwa mkupuo.

Kwanza kidole gumba kilikataa kufungua chupa.
Kisha kiwiko. Kisha usiku
moto mwembamba ukipanda toka kifundo hadi begani
kama mtu apandaye ngazi na kibatari.
Nikapaka mafuta ya karafuu. Nikafunga kitambaa.
Bi Zuwena wa chumba cha pili akasema ni jicho,
"Kazi yako imesifiwa mno, shoga."
Nikafukiza ubani;
kiwiko kikanusa, kikaendelea kuuma.

Mpwa wangu Ridhaa akanipeleka Ganjoni,
ghorofa ya tatu, juu ya duka la betri za magari.
Tabibu ni binti wa Kikamba, Mutheu,
kucha fupi, sauti ya chini.
Ukutani picha ya mtu asiye na ngozi,
nyuzi nyekundu zimemtambaa mwili mzima.
Nikamkagua kwa jicho la fundi:
aliyemshona huyu hakuwa na haraka.

"Unafanya kazi saa ngapi kwa siku, mama?"
Tangu kupambazuke hadi macho yakatae.
"Na kupumzika?"
Nikacheka. Pumziko langu ni kutunga uzi.

Akafungua pakiti ndogo,
na mimi, niliyechoma bafta maisha yangu yote,
nikaogopa sindano.
Nyembamba kama unywele wa mtoto. Haina tundu.
Nikamuuliza, wala si kwa mzaha:
sindano bila ya uzi, yashona nini mwilini?

Hakujibu. Akanibonyeza kigasha,
akipapasa kwa ncha ya kidole, kama nipapasavyo mimi
nikitafuta uzi uliovutwa kupita kiasi.
Nilijua ameupata; vidole vya miguu vilijikunja.
Ikaingia. Haikuuma nilivyojiandaa kuumwa.
Msuli ulishtuka, ukaruka mara moja kama kope,
kisha ukaja uzito, mtamu kidogo, kama usingizi wa mchana,
ukashuka hadi kidole cha shahada.
Ya pili. Ya tatu. Ya nne akaichoma kiganjani, kando ya gumba,
mahali ambapo hapakuwa na lalamiko lolote.

Nikalala pale, mimi bafta,
chini wapakizi wa betri wakitukanana,
nikawaza jinsi kitambaa kivumiliavyo kuchomwa:
ni ile nafasi, kati ya uzi na uzi.

"Hazishoni," akasema mwishowe, akizichomoa.
"Zinaukumbusha msuli kulegea, basi.
Ukirudi kwenye saa zako kumi na nne, utarudi na kwangu,
nami nitapokea pesa zako kwa aibu.
Mwakani njoo kabla ya msimu wa Idi, si baada.
Njoo siku ambayo hakuna kinachouma."

Siku ambayo hakuna kinachouma!
Sisi watu wa viraka hungoja suruali ipasuke.

Nimekwenda mara tano. Sisemi nimepona;
kiwiko bado hunong'ona baridi ya Julai ikiingia.
Lakini chupa nafungua.
Na ile mara ya tano nilikuwa mzima kabisa,
nikajiona mjinga pale ngazini,
nalipia maumivu ambayo hayajafika.

Jana alikuja Twalib kuulizia kofia yake ya harusi,
upande mmoja umejaa vito, mwingine mweupe.
"Imebaki kidogo tu, shangazi. Malizia."
Kengele ya simu ikalia, ile aliyoitegesha Ridhaa,
kila dakika arobaini.
Nikaichomeka sindano kitambaani, uzi ukaning'inia,
nikanyosha vidole, kimoja, kimoja.
Harusi ni Ijumaa, nikamwambia. Njoo Alhamisi.

Akautazama ule upande mweupe kama mtu aliyeibiwa.
Nami nikautazama.
Sijawahi kuiona bafta imetulia vile.